Shamba Lako Liko Wapi Katika Ramani?

Ndugu mkulima, mwaka mmoja nililihamisha shamba la mama mmoja wa skimu kutoka hapa kwetu nikalipeleka Algeria, kaskazini ya Afrika, naye alikuwa jikoni kwake akipika bila habari. Nakueleza jambo hili kwa sababu huenda na shamba lako halipo mahali unapodhani.

Ilikuwa hivi. Nilipewa kazi ya kuingiza katika kompyuta orodha ya wakulima waliokata bima ya mahindi. Vijana wa kuandikisha walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba na simu zao. Katika kila shamba walisimama katikati wakanakili namba mbili ambazo simu huzipata kwa msaada wa setilaiti. Namba ya kwanza husema shamba liko umbali gani kaskazini au kusini ya ikweta. Ya pili husema liko umbali gani mashariki ya mstari unaopita Greenwich, huko Uingereza. Mji wa Kitale uko karibu na 1.02 kaskazini na 35.00 mashariki. Mji wa Bungoma uko karibu na 0.57 kaskazini na 34.56 mashariki. Haya nilisomea katika chuo cha ualimu, na nimewahi kuyafundisha ubaoni kabla ya kuingia ofisini. Lakini jioni moja, macho yakiwa yamechoka, niliandika ya pili mahali pa ya kwanza. Kompyuta haikunung'unika. Iliweka alama ndogo nyekundu ng'ambo ya jangwa la Sahara, ikanyamaza.

Msimu ule mvua ilikatika mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Wenzake wa eneo lile walilipwa, yeye hakulipwa. Akaja ofisini na karatasi zake zote ndani ya mfuko wa sukari, akasema, "Mwalimu, shamba langu limekwenda wapi?" Watu huniita mwalimu hata leo. Tulipolitafuta pamoja na kuliona lilipo alicheka, lakini hakucheka sana. Ziliandikwa barua tatu. Alipopata haki yake, mahindi ya msimu uliofuata yalikuwa yamekwisha kufika magotini, na mbolea ya kupandia alikuwa ameikopa kwa jirani.

Yafaa ujue bima ya namna hii inavyokwenda. Serikali ilipoianzisha mwaka 2016, Bungoma ilikuwa mojawapo ya kaunti tatu za kwanza, pamoja na Embu na Nakuru. Hakuna mtu anayekuja kuhesabu magunia yako wewe peke yako. Nchi hugawanywa katika maeneo. Katika kila eneo mashamba machache huchaguliwa, vipande vidogo hupimwa na mahindi yake huvunwa na kupimwa uzito, kisha wastani hupatikana. Wastani ukishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, wote waliokata bima katika eneo lile hulipwa, hata aliyevuna vizuri. Usiposhuka, hakuna anayelipwa, hata aliyepoteza kila kitu. Basi ukiandikwa katika eneo lisilo lako, utahukumiwa kwa mavuno ya watu ambao hujawahi kuwaona.

Tena si lazima shamba lifike Algeria ndipo mambo yaharibike. Kijana akiweka alama ya kutoa mbele ya namba ya kwanza, ambayo maana yake ni kusini ya ikweta, shamba la Kitale litaonekana karibu na Kilgoris, na la Bungoma litaonekana upande wa Homa Bay. Hapo kosa ni gumu kuligundua, kwa maana alama ingali ndani ya Kenya na karani hatashtuka.

KISIWA KIZIMA KATIKA PICHA

Baada ya aibu ile nilianza kujisomea jinsi watu wengine wanavyoitunza kazi hii, na habari iliyonifaa kuliko zote ilitoka Zanzibar. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kwa msaada wa Benki ya Dunia, walianza kupiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kutoka angani. Eneo lililokusudiwa lilizidi kilomita za mraba 2,300. Ukitaka kuelewa ukubwa huo, fikiria karibu kaunti yote ya Trans Nzoia, toka Endebess mpaka Kachibora, ikipigwa picha kipande kwa kipande.

Hawakutumia ndege kubwa. Walitumia ndege ndogo zisizo na rubani ambazo upana wa mbawa zake haufiki mita moja na uzito wake haufiki kilo moja. Mtu huirusha kwa mkono. Ikishapanda juu hujiendesha yenyewe kwa mistari, kama ng'ombe wa plau: huenda hadi mwisho wa shamba, hugeuka, hurudi kando ya mfuo wa kwanza. Kila picha hupandana kidogo na ya jirani yake, na baadaye kompyuta huziunganisha zikawa picha moja. Picha zile ni za karibu sana, hata alama moja ndani yake ni kipande cha ardhi cha sentimita 7 hivi, upana wa kiganja. Waweza kuona mgomba mmoja mmoja. Waliofanya kazi hiyo hawakuwa wageni peke yao, maana vijana wa Zanzibar wenyewe walifundishwa kurusha ndege na kuziunganisha picha.

Lakini mimi kilichonivutia zaidi si ndege. Ndege hata watoto wataishangilia. Kilichonivutia ni kazi ya chini. Ili picha ikae mahali pake, lazima kuwe na alama ardhini ambazo mahali pake pamepimwa kwa chombo cha uhakika. Kisha kila faili ya picha yahitaji kuandikwa ni ya wapi na ya siku gani, na kutunzwa zaidi ya mahali pamoja, maana mashine ikifa hufa na vilivyomo. Halafu kuna nyumba. Mtu mwenye subira hukaa na kuchora ukingo wa kila paa kwa mkono, akieleza hii imekamilika, hii haijamalizika, huu ni msingi tu. Mwaka 2018 yalifanyika mashindano ya kuzifundisha kompyuta kuzitambua nyumba hizo zenyewe. Zilifundishwa kwa nyumba ambazo mikono ya watu ilikuwa imekwisha kuzichora. Kama mchoraji alikosea, mashine nayo ilijifunza kosa.

Tena kuna mambo ambayo picha haiyasemi kamwe. Picha ya Pemba huonyesha vichwa vya mikarafuu, lakini haisemi ni mikarafuu ya nani, wala kwamba kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mashamba mengi ya Unguja na tangu hapo Pemba ndiyo ikaongoza kwa karafuu. Huonyesha bonde la mpunga lililo karibu na bahari, lakini haisemi maji ya chumvi yaliingia lini, na tatizo hilo la chumvi kuingia mashamba ya mpunga ni la kweli kule. Ili kujua bahari imesogea kiasi gani wahitaji picha mbili za miaka miwili mbalimbali, na katikati yake wahitaji mzee wa pale aliyeandika, au angalau anayekumbuka, mwaka ambao mpunga ulianza kukataa.

TURUDI KWETU

Sasa utauliza, sisi wa Kiminini, Ndalu, Naitiri na Tongaren hatuna bahari, yatuhusu nini? Yatuhusu. Baba zetu na babu zetu walipewa mashamba haya katika mpango wa ekari milioni moja ulioanza mwaka 1962. Walipewa namba ya shamba, ramani ya karatasi na deni. Deni wengi walilipa. Ramani ya karatasi imekaa katika madroo, imekunjwa na kukunjuliwa hata namba zilizo kwenye mkunjo hazisomeki. Na shamba lililokuwa moja wakati ule leo lina nyumba za wana watano.

Wakati huohuo mambo mengi yanayomfikia mkulima yanapita katika orodha za kompyuta. Tangu uandikishaji wa wakulima wa mwaka 2023, ujumbe wa mbolea ya ruzuku umekuja kwa simu kufuatana na ekari ulizoandikisha. Viwavijeshi vamizi vilipoingia nchini mwaka 2017, sehemu zetu hizi za magharibi zilikuwa za kwanza kuumia. Mwaka uliofuata Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa programu ya simu ya kuandika vimeonekana wapi na kwa wingi gani, ili ramani ionyeshe vinakoelekea. Na ushauri wa mbegu hutegemea mwinuko wa mahali. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, Bungoma mjini karibu 1,400. Mbegu za mfululizo wa 600, ambazo asili yake ni utafiti wa Kitale uliotoa H611 mwaka 1964, ni za nyanda za juu. Za mfululizo wa 500 ni za mwinuko wa kati. Namba ya mahali ikikosewa, ushauri nao utakuwa wa shamba lingine.

Lakini jambo ninalotaka tulikalie leo ni mvua, kwa sababu hilo unaweza kulianza kesho bila kungoja mtu.

Wengi husema, "Siku hizi setilaiti inaona kila kitu, kopo la mvua la nini?" Setilaiti haioni tone likianguka juu ya mahindi yako. Katika njia moja itumikayo sana, iitwayo CHIRPS, ambayo kumbukumbu zake zaanza mwaka 1981, setilaiti hutazama ubaridi wa vilele vya mawingu na kukisia mvua kutokana na huo. Kisha makisio hayo hurekebishwa kwa vipimo vya mvua vilivyosomwa ardhini na watu. Mahali penye vipimo vichache, makisio hubaki makisio. Tena ramani yake ina miraba ya kilomita 5 hivi kwa 5. Mraba mmoja una zaidi ya ekari 6,000, na wote hupewa namba moja. Wewe uliye chini ya Mlima Elgon, upande wa Kimilili au Kapsokwony, wajua kwamba mvua ya mawe yaweza kumaliza shamba lako na kuliacha la jirani likiwa kavu.

Kipimo cha serikali ndicho bora, na kama shule au kituo kilicho karibu nawe kinacho, nenda ujifunze kwao. Usipokuwa nacho, kopo lolote lenye chini bapa na kuta zilizosimama wima, upana mmoja juu na chini, litakupa kipimo kisicho kibaya. Lisiwe la umbo la ndoo, maana ndoo ni pana juu, nayo itakudanganya. Liweke juu ya mti wa kimo cha kiuno, mahali pa wazi. Kama kuna mgravilea wa mita 10, kaa mbali nao mita 20 au zaidi. Kila siku saa tatu asubuhi chovya rula ya mwanafunzi, soma milimita, andika, kisha mwaga maji. Jihadhari na rula ambayo sifuri yake haianzii ukingoni. Nyingi za dukani ziko hivyo, basi pima kipande kile cha mwanzo na kukijumlisha.

Milimita moja ya mvua ni lita moja juu ya kila mita ya mraba. Katika ekari moja ni lita 4,000 na kidogo. Mvua ya milimita 10 ambayo twaiita manyunyu imekuletea shambani mapipa 200 ya lita 200. Nilipomwambia mzee mmoja hesabu hii hakuniamini mpaka tulipoifanya pamoja kwa kalamu.

SIFURI SI NAFASI TUPU

Hapa ndipo wengi, na hata ofisi, huharibu kazi. Siku isiyo na mvua, andika 0. Siku ambayo hukupima, labda ulikuwa hospitalini au ulikwenda matanga, chora mstari mfupi. Usiache patupu, wala usiandike 0 kwa kukisia. Maana kompyuta ikipewa nafasi tupu, mara nyingine huisoma kama sifuri. Ukisahau kupima wiki mbili za Aprili zenye mvua nyingi, ramani itaonyesha kwako kulikuwa na ukame. Na kinyume chake chatokea pia: mwenye ukame wa kweli huambiwa, "Hapo hakuna ukame, ni kwamba hukupima."

Mama yule wa Algeria sasa ana kopo lake, na daftari la shule lililofunikwa kwa karatasi ya saruji. Ukurasa wa kwanza ameandika jina la skimu, namba ya shamba, zile namba mbili za mahali zikiwa na neno kaskazini na neno mashariki kando yake, na mwezi aliohamisha kopo kutoka upande wa zizi kwenda upande wa bustani. Hilo la kuhamisha ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa maana namba zikibadilika ghafla huwezi kujua ni mvua iliyobadilika au ni kopo. Nilimwuliza kwa nini ametumia kalamu ya wino. Akasema ya risasi mjukuu wake huifuta.

Andika pia tarehe uliyopanda, aina ya mbegu, siku mahindi yalipotoa mbelewele, na magunia uliyovuna kwa kila kipande. Usiandike "mvua ilikuwa nzuri". Nimeona daftari zuri sana la mkulima mmoja, limeandikwa kwa mwandiko wa kupendeza miaka kumi, na ndani yake kila mwaka ni "mvua nzuri" au "mvua mbaya". Sikupata la kufanya nalo. Kila baada ya miezi mitatu piga picha kurasa kwa simu, umtumie mtoto wako aliye mbali, au mpe ofisa wa kilimo wa wadi nakala. Mchwa hawasomi lakini daftari wanalipenda. Simu nazo huanguka chooni.

MPAKA NI SHAURI LINGINE

Nina onyo moja, nalo ni zito. Watu wamekwisha kuniletea simu zao wakitaka niwaambie kama jirani amekula ardhi yao. Simu si chombo cha kupimia mpaka. Mahali pa wazi hukosea mita 3 mpaka 5 hivi, na chini ya miti hukosea zaidi. Kwa kuweka shamba katika ramani ya mvua au ya viwavi, kosa hilo si kitu. Kwa mpaka ni vita. Chukua ekari moja yenye upana wa mita 50 na urefu wa mita 81. Simu ikikosea mita 4 kwenye ule upande mrefu, umepoteza au umechukua mita za mraba 324, karibu sehemu moja ya kumi na mbili ya ekari. Watu wameuana kwa pungufu ya hapo.

Hata ramani rasmi yahitaji kusomwa kwa akili. Mashamba yetu mengi yamesajiliwa kwa mipaka ya jumla. Maana yake ni kwamba ramani yaonyesha shamba liko wapi na limepakana na nani, lakini mstari wake ni wa takriban. Kwa sababu hiyo Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 imempa msajili wa ardhi kazi ya kuamua ugomvi wa mpaka wa namna hiyo, na mahakama haitausikiliza kabla mpaka haujaamuliwa naye. Mtu akitaka mpaka uliopimwa kwa uhakika, sheria hiyohiyo inamruhusu kuomba, na mpimaji mwenye leseni ndiye atakayekuja na vyombo vyake. Jiwe la mpaka usiling'oe wala usilisogeze hata kidogo kwa ajili ya plau. Kuliharibu kwa makusudi ni kosa la jinai.

Jambo ninaloogopa zaidi ni mashamba yaliyogawanywa kwa mdomo. Baba amewaonyesha wanawe kwa fimbo, "Wewe toka mti huu mpaka mfereji ule," na hati ingali moja, kwa jina lake, pengine naye amekwisha kuzikwa. Katika orodha shamba hilo lina mkulima mmoja. Wana watano wakienda kujiandikisha, kila mmoja hutaja namba ileile na ekari zilezile zote, na karani huona shamba la ekari 15 limekuwa 75. Hapo wote watano husimamishwa mpaka neno litulie, na mvua za Machi haziwangoji. Wakati urithi na hati vikishughulikiwa, kaeni na chifu, andikeni nani analima ekari ngapi upande gani, jumla ilingane na ile ya hati, wote mtie sahihi. Karatasi hiyo si hati ya ardhi, lakini karani ataweza kuwaandika watano bila kuzidisha shamba.

Kwa wale waliojiandikisha tayari, fanya hivi kabla ya kupanda. Nenda kwa ofisa wa kilimo wa wadi yako, mwombe akuonyeshe alama yako katika ramani, uitazame kwa macho yako mwenyewe. Tafuta mto, barabara na shule unayoijua. Usikubali kuambiwa tu kwamba "uko ndani". Nenda na kitambulisho, namba ya shamba, na simu uliyojiandikisha nayo, maana wengi wamebadili laini. Ukikuta alama iko kwa jirani, sema palepale, kosa liandikwe pamoja na tarehe na jina la aliyelipokea.